Ziwa Linapochafuka

Asubuhi moja ya wiki ya pili ya Septemba, saa kumi na mbili na nusu, mvuke ulikuwa ukipanda juu ya ziwa Bde Maka Ska, hapa Minneapolis, Marekani, kama sufuria ya uji iliyotoka kuepuliwa. Koti nilikuwa nimelifunga hadi shingoni. Nikainama kwenye ukingo wa gati, nikachovya mkono: maji bado yalikuwa na uvuguvugu wa kiangazi. Tangu siku hiyo nimeifanya kuwa alama yangu. Hewa ya asubuhi ikiwa baridi kuliko maji, kiangazi cha Minnesota kimekwisha, hata kama watu bado wanatembea na kaptula mchana.

Nilikuwa nimesimama mahali pale pale ambapo tangu Juni sikuwahi kurudi nyumbani mikono mitupu. Ukingo wa magugu maji ulikuwa palepale, kina kile kile cha meta nne, chambo kile kile. Saa mbili nzima mshipi haukutikisika. Kando yangu alikuwepo mzee mmoja wa Kihmong, watu waliokuja huku kutoka milima ya Laos baada ya vita, na ambao huwakosi kwenye magati ya uvuvi ya mji huu. Kiingereza chake ni kidogo, kwa hiyo tunaelewana kwa vidole na macho. Nilimfundisha neno "mzee" na ndilo ninalomwita hadi leo. Yeye ananiita "sista". Asubuhi ile alinitazama, akayatazama maji, kisha akanyoosha kiganja na kukigeuza taratibu, juu kikawa chini, chini kikawa juu, kama mtu anayegeuza chapati. Akafungasha vitu vyake akaenda zake.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kuvua. Sikumwelewa.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika. Alitoka jioni na karabai na kurudi alfajiri. Mama amekuwa akianika dagaa Kibirizi, mwalo wa kushushia samaki pale Kigoma, tangu kabla sijazaliwa, na bado anaanika. Lakini mtoto wa kike hapandishwi kwenye chombo cha uvuvi kwetu, hivyo ziwa nililijulia ufukweni: kwenye mchanga wa kuanikia, kwenye harufu, kwenye maneno ya wanaume walioshuka na nyavu mabegani. Ndoano yangu ya kwanza nimeishika nikiwa na miaka thelathini na mbili, Minneapolis, baada ya mwenzangu wa kazini kunikuta nimekaa peke yangu kando ya maji siku ya mapumziko, akaniuliza mbona natazama tu.

Mzee alipoondoka nilimpigia mama simu. Kwao ilikuwa saa kumi na nusu jioni, muda wa kuanua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamka salama?"

"Nimeamka salama. Nipo ziwani, ila samaki wamenigomea kabisa."

Nilimsikia akimwambia mtu asogeze turubai. Halafu akaniuliza, "Ziwa limechafuka?"

"Hapana mama, limetulia kama kioo."

"Basi subiri lichafuke."

Kwetu neno hilo ni la hofu. Ziwa likichafuka, maana yake mawimbi yamesimama, mitumbwi imevutwa juu ya mchanga, na wanawake wa mwaloni wanahesabu nani amerudi na nani bado. Nimekua nikilisikia kama mtoto wa mpakani anavyosikia neno bunduki. Lakini neno lina upande wa pili, na huo ndio mama alioukusudia. Baada ya siku nyingi za upepo wa kusini, ziwa likishatulia, baba alikuwa akirudi na dagaa hadi chombo kinazama kiunoni. Alisema dagaa wanapenda maji yaliyosukwasukwa. Mimi nilidhani ni maneno ya kujipa moyo baada ya siku za njaa. Sikujua kwamba alikuwa akieleza jinsi ziwa linavyofanya kazi, kwa usahihi ambao wataalamu wanautafuta kwa vipimo.

Niliamua kupima. Nilinunua kipimajoto cha maji, nikakifunga kwenye kamba pamoja na chubwi la kuizamisha, nikaweka fundo kila baada ya meta moja. Mwenye mtumbwi mdogo alinipakia hadi katikati ya ziwa, ambako kina kinazidi meta 25. Nilishusha kamba na kuivuta, kushusha na kuvuta, nikisubiri kila mara kipimo kitulie. Meta ya kwanza hadi ya tano au sita joto halikubadilika karibu hata kidogo. Kisha ndani ya meta tatu au nne tu likaporomoka, na chini ya hapo maji yalikuwa baridi ya friji. Kamba ilipotoka, chubwi lilikuwa na baridi ya kuuma vidole, na tope kidogo lililoshika juu yake lilinuka yai viza.

Hapo ndipo kiganja cha mzee kilipoanza kunifungukia.

Kiangazi chote ziwa la namna hii si ziwa moja. Ni mawili, moja limelala juu ya jingine kama mafuta juu ya mchuzi. Jua linayapasha maji ya juu, na maji ya moto ni mepesi, hayazami. Ya chini ni ya baridi na mazito, hayapandi. Katikati kuna mpaka mwembamba ambao upepo wa kawaida hauwezi kuuvunja. Maji ya juu yanapata hewa kutoka angani na kutoka kwa mimea inayopigwa na jua. Ya chini hayapati kitu. Kila kinachokufa juu, jani, mwani, dagaa wa huku wadogo wadogo, kinashuka kuozea kule, na kuoza kunakula hewa. Ikifika Agosti, akiba ya hewa ya chini imekwisha. Kwa hiyo samaki hawana ziwa lote. Wana ghorofa ya juu peke yake, na mvuvi akijua mpaka uko wapi anajua ghorofa hiyo inaishia wapi. Ndiyo maana Julai nilikuwa nikifanikiwa bila ujuzi wowote. Samaki walikuwa wamebanwa mahali pamoja nami.

Wanaoteseka zaidi ni samaki wa maji baridi, aina ya samaki wa fedha waitwao tulibi. Juu kuna joto wasiloliweza, chini hakuna hewa, nao wanabaki kwenye ukanda mwembamba katikati. Kiangazi kikiwa kikali ukanda huo unafunga, na asubuhi unawakuta wanaelea matumbo juu. Niliwahi kuwaona hivyo katika ziwa moja kaskazini mwa hapa, mamia, upepo umewasukuma kwenye kona. Mtu aliyekulia mwaloni hawezi kutazama samaki waliokufa bure hivyo akaendelea na safari yake. Nilikaa pale muda mrefu.

Sasa inaingia Septemba. Hapa Minneapolis, nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta, mchana unapoteza takriban dakika tatu kila siku. Kwa sisi tuliozaliwa Kigoma, ambako jua linachomoza na kuzama karibu saa ile ile mwaka mzima, hilo ni jambo la kutisha kidogo mwanzoni. Unahisi kuna mtu anakuibia. Magugu yaliyokuwa kijani kibichi yanaanza kuwa kahawia. Gugu la kijani linatoa hewa, gugu linalokufa linakula hewa. Samaki wadogo waliojificha humo wanatoka, na wakubwa wanaowawinda wanatoka nao. Ukingo wangu wa Julai haukuwa na kosa lolote. Ulikuwa umekufa tu, na mimi sikuwa nimeambiwa.

Kuanzia hapo nimejifunza kutafuta magugu yaliyobaki hai. Unavuta ndoano, inarudi na kipande cha gugu, unakitazama: kikiwa kijani, kigumu, kinanuka ubichi, kaa hapo. Kikiwa kimelegea na kimevaa utelezi wa kahawia, hama. Mzee wa Kihmong analifanya hilo bila kutazama. Analisugua gugu kati ya vidole viwili na kuamua. Mwanzoni mwa Oktoba kiraka kimoja cha magugu ya kijani chenye ukubwa wa sebule kinaweza kuwa na samaki wote wa upande ule wa ziwa.

Na wakati huo huo juu panapoa. Maji yana tabia ambayo nadhani ni miongoni mwa rehema kubwa za dunia hii: yanazidi kuwa mazito kadiri yanavyopoa, lakini hadi nyuzi 4 tu, chini ya hapo yanaanza tena kuwa mepesi. Ndiyo maana barafu inaelea, na ndiyo maana ziwa haligandi kutoka chini na kuua kila kitu. Usiku wa baridi wa Septemba na Oktoba maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama kidogo, na mpaka unasukumwa chini siku baada ya siku. Ghorofa ya juu inaongezeka, ya chini inaliwa. Mwishowe tofauti ya joto inakuwa ndogo kiasi kwamba upepo mmoja wenye nguvu unatosha. Katika maziwa ya jirani yenye kina kifupi hutokea mapema. Kwenye Bde Maka Ska mimi nimeuona mwishoni mwa Oktoba au Novemba ikiingia: siku mbili za upepo, na ziwa lote linageuka. Yaliyokuwa chini tangu Mei yanapanda, yaliyokuwa juu yanashuka na hewa yake.

Utalijua kwa pua kabla ya macho. Kuna harufu ya tope la zamani, ya kiberiti. Maji yanakuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo, povu linajipanga ufukweni, vipande vya magugu yaliyooza vinaelea. Samaki wanapotea. Hewa sasa iko kila mahali, hivyo hakuna kinachowabana. Wametawanyika kwenye ziwa zima, na kwa siku kadhaa kama wiki hivi huwezi kusema wako wapi. Wavuvi wengi hukata tamaa hapo na kufunga vifaa hadi mwaka ujao. Mimi nafurahi mno siku hizo, na sioni haya kusema. Nasimama kwenye gati tupu, upepo unanichapa, navuta ile harufu, na nikifumba macho niko Kibirizi.

Ziwa limechafuka, mama.

Nimesoma mengi kuhusu ziwa letu tangu nije huku, zaidi ya nilivyosoma nikiwa kando yake. Tanganyika lina kina cha meta 1,470. Ni Baikal peke yake inayolizidi. Na halijigeuzi. Juu maji yana nyuzi 24 hadi 28 hivi kulingana na majira, chini kabisa ni kama nyuzi 23. Tofauti ni ndogo mno, lakini maji ya moto hubadilika uzito haraka kuliko ya baridi, hivyo nyuzi hizo chache zinatosha kuyatenga. Ukishuka kati ya meta 100 na 200 hewa inaisha. Kuanzia hapo hadi chini, zaidi ya kilomita moja ya maji hayana samaki hata mmoja. Dagaa wote, migebuka wote, kuhe, kila kilichowahi kuanikwa Kibirizi na Uvira na Rumonge na Mpulungu, kimeishi kwenye ngozi ya juu ya ziwa lile.

Chakula cha ngozi hiyo kinatoka wapi, ikiwa vyote vinavyokufa vinazama kwenye shimo lisilorudisha? Kinatoka kwa upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini unayasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini, upande wa Zambia, maji mazito ya chini yanapanda kujaza nafasi yakiwa na rutuba yake. Mpaka kati ya tabaka mbili unainama kama maji kwenye karai lililoinuliwa upande mmoja. Upepo ukilegea, karai linashushwa, na mpaka unaanza kuyumba, kaskazini kwenda kusini na kurudi, pole pole, wimbi moja likichukua wiki tatu au nne. Juu huoni kitu. Lakini kila myumbo unachanganya kidogo, na mwani unaota, na wadudu wadogo wanakula mwani, na dagaa wanakula wadudu, na baba anarudi na chombo kizito. Maji yaliyosukwasukwa. Hakuwa na kipimajoto.

Ndiyo maana utafiti uliochapishwa mwaka 2003, wa Catherine O'Reilly na wenzake, ulinikosesha usingizi nilipousoma. Waliona kwamba ziwa limepata joto na pepo zimepungua nguvu, hivyo mchanganyiko umepungua, na walikadiria uzalishaji wa ziwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo ambalo kwa hesabu yao lingeweza kupunguza samaki kwa takriban asilimia 30. Kwa lugha ya mama: ziwa halichafuki kama zamani. Watu wa mwaloni wamekuwa wakilaumiana miaka yote, nyavu za macho madogo, vyombo vingi mno, wageni, na lawama hizo zina ukweli. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Naunga mkono, na mama pia anaunga mkono, japo miezi ile mitatu chanja zake zilikaa tupu na ada za wajukuu zilitoka kwangu. Ila kupumzisha nyavu hakuwezi kurudisha upepo. Hilo ndilo linaloniuma.

Nirudi Minnesota.

Mwaka juzi, katikati ya Septemba, tulikwenda watu wanne hadi Mille Lacs, saa moja na nusu hivi kwa gari kuelekea kaskazini. Jina hilo ni la Kifaransa, "maziwa elfu", lakini ziwa ni moja, na Waojibwe wenye nchi ile wanaliita Misi-zaaga'igan, ziwa kubwa. Lina zaidi ya kilomita za mraba 500, na kina chake hakifiki hata meta 14. Nilishusha kamba yangu ya mafundo pale nikiwa na shauku, nikapata joto lile lile kutoka juu hadi chini. Ni kama karai pana lisilo na kitu cha kuzuia upepo. Linachanganywa kiangazi chote. Hakuna kugeuka kwa Oktoba kwa sababu halikuwahi kutulia vya kutosha kugawanyika.

Njiani tulipita sehemu zenye mpunga pori. Ulikuwa msimu wake, mwisho wa Agosti hadi Septemba, na tuliwaona watu wawili kwenye mtumbwi, mmoja anasukuma kwa upondo, mwingine anainamisha masuke kwa kijiti na kuyapiga kwa kijiti cha pili, nafaka zinadondoka ndani ya mtumbwi. Nyingine zinadondoka majini, na hiyo ndiyo mbegu ya mwaka ujao. Nilitamani kusimama, nikaona si vema kumkodolea mtu macho akiwa kazini. Haki ya Waojibwe ya kuvua na kuwinda kwenye nchi ile iliandikwa kwenye mkataba wa mwaka 1837, ikapuuzwa vizazi na vizazi, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ikaithibitisha mwaka 1999 kwa kura 5 dhidi ya 4. Kura moja. Bde Maka Ska nalo lina habari ya namna hiyo: ni jina la Kidakota, lugha ya wenyeji wa asili wa hapa, maana yake Ziwa la Ardhi Nyeupe, na kwa muda mrefu liliitwa kwa jina la mwanasiasa John C. Calhoun, mtetezi wa utumwa. Jimbo lilirudisha jina la zamani mwaka 2018. Mimi, mjukuu wa watu wa Ujiji, mji ambao misafara ya watumwa ilivukia, nashukuru kuvua kwenye ziwa lililorudishiwa jina lake lenyewe.

Mille Lacs ilikuwa na sifa ya samaki anayeitwa hapa woleyi, mwenye rangi ya dhahabu na kijani, ambaye tangu mwaka 1965 ndiye samaki rasmi wa jimbo. Jicho lake lina utando unaorudisha mwanga, linang'aa kwenye tochi kama la paka. Anaona gizani na kwenye maji yenye ukungu kuliko samaki anaowawinda, hivyo anakula vizuri jua likizama, au mchana ziwa likiwa na mawimbi. Wavuvi wa huku wana neno maalumu la wimbi la namna hiyo, wimbi dogo linalovunja mwanga, na wanalisubiri kama sisi tulivyosubiri giza la mwezi. Woleyi wa Mille Lacs walipungua hadi mwaka 2015 uvuvi wao ukafungwa mwezi Agosti. Wanaolijua ziwa wanataja mambo mengi. Moja ni kome wadogo wenye mistari, wageni kutoka Ulaya, walioonekana pale mwaka 2005. Wanachuja maji mchana na usiku hadi ziwa limekuwa angavu kupita kiasi. Maji safi yamemnyang'anya woleyi kivuli chake. Ndiyo maana sheria ya hapa inakutaka ung'oe kizibo cha mtumbwi na kumwaga maji yote kabla hujaondoka ufukweni, usije ukabeba vizazi vya kome kwenda ziwa jingine. Nimemwona mtu mzima amerudi kutoka barabarani kwa ajili ya kizibo hicho. Nilimheshimu.

Siku ile upepo ulikuwa wa kiasi, wimbi lile linalotakiwa. Nilipata woleyi wanne, mmoja wa sentimeta 60 na ushee ambaye nilimrudisha majini. Wengi wa ukubwa ule ni majike, na hao ndio wenye mayai.

Wiki zilizobaki kati ya kugeuka kwa ziwa na barafu ndizo ninazozipenda kuliko zote. Samaki waliotawanyika wanaanza kukusanyika tena, safari hii kwenye miteremko, mahali ambapo kina kinashuka ghafla, kwa sababu hapo ni karibu na chakula cha juu na karibu na utulivu wa chini. Wanakula kama watu wanaojua njaa inakuja. Jioni woleyi wanapanda kwenye mawe ya ufukweni, kina cha magoti, wakifuata samaki wadogo. Unaweza kuwavua ukiwa umesimama nchi kavu, na watu wengi wanaojua hilo wameshaenda nyumbani kutazama mpira. Krapi, samaki bapa wa fedha mwenye madoa meusi, wao wanaelea makundi makundi juu ya mashimo ya meta nane, kumi. Ndoano ndogo sana, chambo kidogo, na mkono usiotetemeka. Krapi hadonoi, mshipi unalegea tu, kama mtu amepokea mzigo wako bila kusema. Ukihisi uzito umepotea, vuta.

Nilikuwa nikitumia chubwi na ndoano zenye kichwa cha risasi hadi nilipojua habari za ndege wa loni. Ni ndege mweusi mwenye madoa meupe na macho mekundu, anayelia usiku kwa sauti ya kuliza mtu. Anameza vijiwe vya chini ya maji ili kusaga chakula, na akimeza chubwi moja ya risasi anakufa kwa sumu. Chubwi moja. Sasa natumia za bati, bei ni kubwa zaidi, sijali. Loni wakubwa huanza kuondoka Septemba, na makinda yao hubaki wiki kadhaa nyuma, kisha yanaruka yenyewe kwenda baharini kusini, njia ambayo hayajawahi kuonyeshwa. Oktoba moja nilikuwa na kinda mmoja kwenye ziwa dogo la jirani kwa siku tisa. Siku ya kumi hakuwepo.

Jikoni sina ufundi wa kienyeji wa hapa. Wao wanatia samaki unga na kuzamisha kwenye mafuta, na ni tamu, sibishi. Mimi krapi nawakausha kidogo kwenye tanuri, moto mdogo, mlango wazi, hadi ngozi ikaze. Kisha mawese, vitunguu, nyanya, pilipili moja nzima isipasuke. Mawese nayapata kwenye duka la Wakongo, na unga wa muhogo pia. Mwaka jana nilimpelekea mzee wa Kihmong bakuli pale gatini. Alikula amesimama, akalamba kidole, akasema neno la kwao ambalo sikulijua, halafu akasema "mzee" huku akijionyesha kifua, akacheka. Kesho yake aliniletea mchaichai kutoka bustani yake na pilipili ndogo nyekundu zilizofungwa kwenye gazeti.

Jumamosi iliyopita, mwisho wa Novemba, nilikwenda alfajiri nikakuta ukingo umeshika ganda, nene kama kioo cha taa, linalia kila wimbi linapoligusa. Katikati bado maji yalikuwa wazi, meusi. Nilirusha mara tatu, mshipi ukaganda kwenye matundu ya fimbo, nikaketi tu. Saa mbili nikampigia mama.

"Ziwa linaendeleaje huko?" aliniuliza baada ya salamu.

"Limetulia mama. Limeanza kuganda kandoni. Kabla ya Krismasi watu watakuwa wanatembea juu yake."

"Juu ya maji?"

"Juu ya maji. Wanatoboa shimo, wanavua. Kiangazi mtu anaruhusiwa mshipi mmoja, lakini kwenye barafu anaruhusiwa miwili."

Alikaa kimya, nikasikia dagaa wakimiminwa kwenye ungo.

"Na chini yenu samaki wako hai?"

"Wako hai. Ziwa lilichafuka vizuri mwaka huu, hewa imefika hadi chini."

"Alhamdulillahi," alisema. "Basi vaa soksi mbili, mwanangu. Na usitangulie wewe. Mwache huyo mzee wako apite kwanza, ufuate nyayo zake."